Toeni Kamera Kabatini

Mwaka jana nilikaribishwa Dar es Salaam nyumbani kwa mzee mmoja anayekusanya kamera za zamani. Baada ya shikamoo na chai aliwasha taa za kabati, akasogea pembeni nione vizuri. Rafu nne za vioo, kamera zaidi ya arobaini, kila moja imekalishwa juu ya kitambaa chekundu cha mahameli. Palikuwa na Rolleiflex ya lenzi mbili, Zenit za Urusi, Leica moja ya kabla ya vita, na Kodak za kukunja zenye mvukuto wa ngozi. Nikaomba niishike ile Rolleiflex, nizungushe mkono wake wa pembeni mara moja tu, nisikie inavyofyatuka. Mzee akaniwekea kiganja begani kwa upole. "Hapana, mwanangu. Hizi haziguswi. Zikiguswa zinakufa."

Nikanyamaza. Nyumba ni yake, kamera ni zake, na umri wake unadai heshima. Lakini neno lile sikuliacha pale mlangoni, maana si lake peke yake. Ndilo wanaloambiana wakusanyaji wengi, hapa na ng'ambo: kwamba kamera ya zamani ni kitu cha kutazamwa, kwamba kila unapoifyatua unaipunguzia uhai, kwamba iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi lake, na kwamba mtu anayetia mkanda kwenye kamera ya mwaka 1935 hana tofauti na anayepikia kwenye chungu cha makumbusho. Wanaosema hivi hujiita watunzaji. Mimi nasema wanaziua, na nasema kwa uhakika kwa sababu nami nusura niue moja kwa njia hiyo hiyo.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga picha Tanga. Kwa miaka zaidi ya ishirini alipiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto waliovalishwa kwa ajili ya Idi na za wanafunzi wanaomaliza darasa la saba, kwa kamera moja tu: Yashica Mat-124G. Ni kamera ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo mpiga picha huishika usawa wa tumbo na kuinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Alikuwa na desturi ya kumwambia mteja, "Nahesabu mpaka tatu," kisha anafyatua kwenye mbili, kabla uso haujakakamaa. Alipofariki nikapewa mimi. Kwa heshima yake nikaipangusa, nikaitia kwenye mkoba wake wa ngozi, nikabana kifungo, nikaiweka rafu ya juu kabisa ya kabati la nguo, gizani, mbali na mikono ya watoto. Ikakaa miaka kumi na moja. Nilidhani naitunza.

Siku nilipoifungua, mkoba ulikuwa umeota ukungu wa kijivu unaonuka kama ghala la korosho zilizolowa. Lenzi ya kupigia ilikuwa na kuvu ndani: nyuzi nyeupe, nyembamba kama mizizi ya mchicha, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kirungu cha kusogeza lenzi kilikuwa kigumu kiasi kwamba niliogopa kukivunja. Nilipojaribu kasi ya 1/500 ya sekunde, shata, yaani vile visahani vinavyofunguka na kufunga nyuma ya lenzi, vilifyatuka sawasawa. Nilipoweka sekunde moja, vikafunguka na kubaki wazi.

Nikaipeleka kwa fundi. Ni mtu aliyewahi kuishi kwa kamera, na siku hizi anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu. Alitandika gazeti, akaweka kifuniko cha chupa ya maji pembeni, akaanza kutoa skrubu ndogo kama punje za ufuta na kuzipanga ndani ya kile kifuniko kwa mpangilio alioujua mwenyewe. Bamba la mbele lilipotoka, akanionyesha visahani vitano vya shata. Vilikuwa vinang'aa kwa mafuta. Hakuna aliyevipaka. Grisi iliyokuwa kwenye nyuzi za kusogezea lenzi ilikuwa imejitenga kwa joto la miaka, mafuta yake yakatambaa mpaka huko, na unga uliobaki nyuma ndio uliokikaza kile kirungu. Akachovya pamba kwenye petroli ya vibiriti, akavifuta mara saba au nane, akifyatua kila baada ya kufuta, mpaka sekunde moja ikawa sekunde moja. Hapo ndipo aliponitazama. "Hii hajaiharibu mtu," akasema. "Imeharibiwa na kukaa."

Sisi wa mwambao ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Kuvu ya lenzi inataka unyevu, giza, hewa iliyotuama na chakula kidogo. Chakula chake ni vumbi na mafuta ya vidole, na hivyo havikosekani kwenye kamera yoyote iliyowahi kushikwa na binadamu. Sasa tazama kabati la vioo katika nyumba ya Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika. Mlango umefungwa, taa imezimwa, hewa nzito imefungiwa ndani, na kamera imevikwa mkoba wa ngozi ambao umenyonya maji tangu mvua ya kwanza. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Tena ikishaota haikai juu juu ukaiondoa kwa kitambaa. Hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa kwenye kioo, na ikiachwa miaka huacha alama kwenye kioo chenyewe. Alama hizo hazina fundi. Kamera inayotoka kila wiki, ikapata upepo na jua kidogo, lenzi yake ikatazamwa na kupanguswa, haiipi kuvu raha hiyo.

Na si kuvu peke yake. Mashine ya kamera ni springi, meno na grisi, na grisi isiyosogezwa huganda. Ndiyo maana kasi zinazokwama kwanza ni zile za polepole, zinazotegemea magurudumu madogo ya meno yazunguke taratibu kama ya saa. Flashi za umeme nazo zina kifaa cha kulimbikiza chaji ambacho hudhoofika kikikaa bila kuchajiwa. Wapiga picha wa studio walizoea kuziwasha mara kwa mara hata wiki isiyo na kazi. Mkusanyaji anayejisifu kwamba kamera yake haijafyatuliwa tangu mwaka 1970 anatangaza ugonjwa akidhani anatangaza afya.

Pita mtaa wowote wa mjini utazame barazani. Fundi cherehani amekaa na Singer nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwa, pengine aliirithi kwa baba yake, na anaisukuma kwa miguu tangu asubuhi. Jioni anadondosha mafuta kwenye matundu yake, anatoa nyuzi zilizonasa, anaifunika. Hakuna anayemwendea kumwambia aache kushona kwa sababu anaua kitu cha kale. Kila mtu anajua kwamba cherehani ile ipo mpaka leo kwa sababu inashona. Waulize na mabaharia juu ya jahazi lililopandishwa ufukweni likaachwa msimu baada ya msimu: mbao hukauka, zikaachana, na siku likirudishwa majini linavuja kila mahali. Watu wa pwani hawajawahi kuamini kwamba chombo hutunzwa kwa kuachwa. Tumelipokea wazo hili pamoja na makabati ya vioo.

Wakusanyaji wana hoja moja yenye uzito, na sitaikwepa. Wanasema vipuri havitengenezwi tena, hivyo kila jino linalolika na kila springi inayokatika ni hasara isiyofidika. Ni kweli kwamba havitengenezwi. Lakini tuhesabu. Yashica ya baba mdogo hupiga picha 12 kwa mkanda mmoja. Mpenzi wa kamera anayetumia mikanda miwili kwa mwezi atapiga picha 288 kwa mwaka, na kwa miaka kumi picha 2,880. Studio iliyokuwa ikimaliza mikanda mitano kwa siku ilifikisha idadi hiyo kwa miezi miwili. Kamera hizi zilijengwa kwa ajili ya kazi ile. Kuogopa kwamba mikanda yangu miwili ya mwezi itaimaliza ni kutowajua walioitengeneza.

Halafu kuna swali la nani atakayeitengeneza. Kipuri si chuma tu; ni chuma pamoja na mtu anayejua kinakokaa. Vyuma bado vipo, ndani ya kamera zilizokwisha kufa, na fundi mzuri hutoa figo ya moja akaitia nyingine. Asiyepo ni fundi. Fundi hujifunza kwa kazi, na kazi hutoka kwa watu wanaotumia, maana kamera isiyofyatuliwa haimletei mwenyewe habari kwamba ni mbovu. Wakusanyaji mia moja wenye kamera elfu nne zisizoguswa hawamlishi fundi hata mmoja. Vijana ishirini wanaopiga picha kila Jumamosi wanamlisha, na wanampa sababu ya kumfundisha mwanafunzi. Yule aliyeniponyea Yashica aliniambia kwamba kabla yangu alikuwa hajafungua kamera ya aina ile kwa miaka sita. Mikono ile ikisahau, kabati zima la mzee wa Dar es Salaam litabaki vyuma, hata zikae juu ya mahameli gani.

Hata watengenezaji wenyewe yamewakuta. Desemba 2022 kampuni ya Ricoh, yenye jina la Pentax, ilitangaza kwamba inataka kutengeneza tena kamera ya mkanda. Wahandisi wake vijana walilazimika kurudi kwenye michoro ya zamani na kwa wahandisi wazee wa kampuni ili wajifunze upya mambo ambayo zamani kila kiwanda kiliyajua, kama vile mkono wa kuvutia mkanda unavyofanya kazi. Pentax 17 ilitoka Juni 2024. Kamera za mfano zilikuwepo tele duniani, zimetulia kwenye makabati. Ujuzi ndio uliokuwa umeanza kuzikwa na wenyewe.

Sasa twende kwenye thamani, maana mazungumzo ya wakusanyaji hayakawii kufika kwenye bei. Wanasema kamera isiyotumika ndiyo yenye thamani. Kamera iliyouzwa ghali kuliko zote duniani ni Leica namba 105, moja ya kamera chache za majaribio zilizotengenezwa miaka michache kabla Leica haijaonyeshwa kwa umma huko Leipzig mwaka 1925. Ilipigwa mnada Wetzlar, Ujerumani, Juni 2022, ikafika euro milioni 14.4. Haikuwa kamera ya boksini. Ilikuwa kamera binafsi ya Oskar Barnack, mtu aliyebuni Leica, na jina lake limechongwa juu ya dirisha la kutazamia. Aliitembeza, akaipigia picha, akaitumia kujaribia marekebisho yaliyoingia kwenye kamera zilizofuata. Rangi yake imebanduka na shaba imetokeza. Walionunua kwa bei ile walinunua alama za mikono yake.

Leica wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2015 walitoa seti 125 za kamera mpya waliyoibuni pamoja na mwanamuziki Lenny Kravitz, ambayo rangi yake nyeusi ilikwanguliwa kwa mkono kiwandani ili ifanane na kamera iliyotembea miaka mingi. Watu wakalipa. Mtu anayo Zenit ya baba yake, imechubuka kwa safari za kweli, naye anaificha eti isizidi kuchubuka.

Na soko hili la kutazama tu limezaa uongo. Kamera za FED zilianza kutengenezwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934, kwa kuiga Leica. Ni kamera nzuri za kazi, na Zorki za Krasnogorsk, karibu na Moscow, zilizofuata ni ndugu zake. Nyingi zimekwanguliwa majina yao, zikapakwa rangi ya dhahabu, zikachorwa tai na alama za jeshi la Hitler, na kuuzwa kama Leica adimu za vita. Anayenunua kwa kutazama kupitia kioo hudanganyika. Anayetumia huifungua lenzi akatazama ndani ya tundu, upande wa juu, pale penye kijimkono kinachogusana na lenzi kupima umbali. Kwenye Leica kina kigurudumu kidogo; kwenye FED na Zorki za kawaida ni ulimi wa chuma tu. Nilifundishwa hilo na mtu mwenye Zorki iliyochakaa aliyokuwa akiipigia picha sokoni. Hakuwa na kabati.

Sisemi kila kamera itiwe mkanda. Zile za Giroux za mwaka 1839, zilizouzwa Ufaransa kwa ajili ya njia ya Daguerre ya kupiga picha, zibaki makumbusho, kwenye vyumba ambavyo unyevu wake unapimwa mchana na usiku. Leica ya Barnack ibaki ilipo. Najua pia kwamba watumiaji wanaharibu: nimeona Leica iliyoachwa mezani bila kifuniko cha lenzi, jua likaunguza tundu kwenye pazia lake la kitambaa, na nimeona mchanga wa ufukweni ukisaga kirungu cha Pentax. Lakini kamera zilizo majumbani mwetu si za Giroux. Ni Zenit, Praktica, Yashica, Pentax K1000, Kodak za boksi. Zilitoka viwandani kwa malaki na kwa mamilioni, zikakusudiwa watu wa kawaida. Brownie ya kwanza ya Kodak, mwaka 1900, iliuzwa dola moja ili hata mtoto aipate. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kuivika kamera ya namna hiyo heshima ya kaburi ni kuikana asili yake.

Mkanda ndio unaonifanya niliandike jambo hili kwa haraka. Mwaka 1901 Kodak walitoa Brownie namba 2 na mkanda wake, unaoitwa 120. Mkanda huo unatengenezwa mpaka leo. Kamera ya mwaka 1901 inaweza kupakiwa asubuhi hii na kupiga picha kabla ya adhuhuri, kwa sababu kwa miaka zaidi ya 120 hakujakosekana watu wa kuununua. Linganisha na Instamatic, iliyotoka mwaka 1963 na kuuzwa zaidi ya milioni 50 kufikia mwaka 1970. Kaseti yake ya 126 haitengenezwi tena, na mamilioni yale yamekuwa bubu. Instamatic ni changa kwa miaka sitini kuliko Brownie, lakini ndiyo iliyokufa. Kodachrome, mkanda wa rangi uliozaliwa mwaka 1935, ulisimamishwa mwaka 2009; maabara ya mwisho iliyoweza kuusafisha, huko Parsons, Kansas, iliacha kuupokea mwisho wa mwaka 2010. Ukiokota leo mkanda wa Kodachrome uliopigwa na marehemu, hakuna maabara itakayokurudishia rangi zake.

Polaroid ni kinyume chake. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake za picha za papo hapo, na kwa hesabu ya kawaida kila kamera yake ya SX-70 duniani iligeuka pambo siku ile. Florian Kaps na André Bosman, pamoja na wachache waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wakanunua mitambo isivunjwe na kuanza kuibuni filamu upya, kwa sababu dawa nyingi za zamani hazikupatikana tena. Mwaka 2010 wakatoa ya kwanza, dhaifu, ya kubahatisha. Watu wakainunua hivyo hivyo, wakaitia kwenye kamera zao, wakavumilia mpaka ikaboreka. Kilichoiokoa SX-70 ni watu waliotaka kupiga picha na kulipia picha mbovu wakingojea nzuri. Walioziweka kabatini wamepokea wokovu huo bila kuuchangia.

Wataniambia ni ghali, na kweli ni ghali. Mkanda mmoja wa rangi unazidi bei ya kilo tano za mchele, na kwetu mara nyingi haupatikani mpaka mtu atoke safari. Basi nafanya nilivyoona wakubwa wakifanya: nafikiri kabla ya kufyatua. Kipimo cha mwanga cha Yashica kilikufa pamoja na betri zake za zebaki, ambazo zimepigwa marufuku, nami sijakihitaji. Jua la Tanga saa saba mchana ni kipimo tosha: mkanda wa 400, tundu la lenzi kwenye 16, kasi 1/500, na mtu akiwa chini ya mwembe unafungua hatua tatu. Mikanda ya nyeusi na nyeupe naisafisha jikoni. Mwaka 1995 darasa moja la chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa na soda ya kufulia husafisha picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Soda hiyo ni ile ile inayotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, na kahawa tunalima wenyewe. Dawa inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba letu yanakaribia 30, kwa hiyo chupa nailaza kwenye beseni la barafu nikichungulia kipimajoto. Mkanda wangu wa kwanza ulitoka hafifu, wenye rangi ya moshi. Wa tatu ulikuwa mzuri.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma. Studio za mwambao zinapofungwa, vitu vyake hugawanyika njia mbili. Kamera hununuliwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale, kisha wakusanyaji. Negativu hutupwa. Nimeona kwa macho yangu masanduku ya negativu yakiwekwa uani kusubiri gari la taka: nyuso za watu wa mji mzima, maharusi, watoto, mabaharia, zimelowa na kugandamana kwa mvua ya usiku mmoja, wakati kamera iliyozipiga ilikuwa imeshafungiwa kwenye gazeti na kupelekwa mjini kuuzwa. Sikuwa na gari, na mwenye uwanja alikuwa na haraka. Niliokoa kasha moja la bati. Mawazo yanayosema kamera ni kitu cha kutazama ndiyo yanayoruhusu hili, kwa sababu ukishaitenga kamera na kazi yake, picha zake zinakuwa uchafu wa zamani. Mji Mkongwe wa Unguja una mfano wa kuiga. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, imetunza picha za kisiwa kile kizazi baada ya kizazi, na aingiaye dukani huzikuta ukutani.

Kwa hiyo namwomba mzee wangu wa Dar es Salaam, na kila mwenye kabati kama lake. Itoe kamera mkobani. Mkoba uanike kivulini, usiirudishe humo. Zipitie kasi zote, kuanzia sekunde moja mpaka ya mwisho, mara kumi kumi, kila mwezi. Ukiiweka iache bila kuivuta, springi ipumzike. Rafuni weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikishiba. Iliyokwama mpelekee fundi wakati fundi bado yupo. Kisha tia mkanda mmoja, mzee wangu, mmoja tu, umpige mtu unayempenda.

Mimi nilianza na mama mdogo, mjane wa baba mdogo. Aliponiona barazani na Yashica mkononi hakusema kitu. Akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka amejifunga kanga mpya na wanja machoni. Akaketi kwenye kiti, akatanguliza bega la kushoto, akateremsha kidevu kidogo, vile vile wateja walivyokuwa wakielekezwa studio. Nikafungua kifuniko cha juu, nikainamisha kichwa. Ndani ya kioo alikuwa amegeuka, kushoto kumekuwa kulia, na mwembe wa nyuma yake ukitikisika upande usio wake. Nikazungusha mkono wa pembeni mpaka ukakaza.

"Nahesabu mpaka tatu," nikamwambia.

"Najua," akajibu, macho kwenye lenzi. "Na najua ni kwenye mbili."

Nikafyatua kwenye moja.